Hampi, muji wa mawe

Mwezi huu twende India, jimbo la Karnataka, kando ya mto Tungabhadra. Ni pale muji mukuu wa ufalme wa Vijayanagara ulianza mwaka 1336. Leo pale panaitwa Hampi.

Wachonga-mawe walipata graniti palepale. Walitoboa vishimo kwa mustari mumoja, wakapiga kabari ndani mpaka jiwe likapasuka. Alama za vile vishimo zingali zinaonekana kwenye miamba. Katika hekalu la Vitthala kuko nguzo zinazolia sawa muziki ukizigonga, lakini siku hizi ni marufuku kuzigonga. Mbele yake kuko kihekalu cha jiwe chenye magurudumu, kimechongwa sawa gari.

Mwaka 1565 masultani jirani waliungana, wakashinda jeshi la Vijayanagara. Muji uliporwa, ukachomwa, watu wakahama. Lakini hekalu la Virupaksha, lenye munara wa karibu metre 50, halikuachwa: Wahindu wanaabudu mule mpaka leo.

Mwaka 1986 UNESCO iliandika Hampi katika urithi wa dunia. Halafu vijana waliangusha nguzo za hekalu moja la kale kwa kuzisukuma tu. Mwaka 2019 tribinali iliwapa amende na kuwaamuru wazisimamishe tena.

Nguzo zilizopona vita ya 1565 zilianguka kwa muchezo wa dakika moja. Na kwetu je, vijana, nani analinda vile wazee walituachia?