Bloku Mpya, Barabara ya Mikese

Fundi aliyenipokea kazini pale Msamvu, Morogoro, hakuwahi kumkabidhi mtu pikipiki iliyoshushwa injini kabla hajaiendesha yeye mwenyewe. Wateja walinung'unika wakidhani anajitembeza kwa mafuta yao. Mimi nilikaa nyuma. Ndimi niliyekuwa mzigo.

Pikipiki nyingi mjini zilikuwa za Kichina, na injini zake chimbuko lake ni Honda CG125 ya mwaka 1976: silinda moja, kipenyo milimita 56.5, ngumu kufa. Kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu bodaboda kubeba abiria kwa leseni, kazi ilifurika. Moshi wa bluu kwenye eksozi, oili inapungua bila kuvuja, mlima wa Kinole unashindikana na mikungu ya ndizi nyuma: hapo ringi zimekwisha na bloku imelika. Unaipeleka ikachongwe, unaweka pistoni ya ovasaizi, robo milimita au nusu.

Bloku ikirudi niliigeuza juani kwanza. Nilitafuta ile mistari myembamba inayopishana, alama ya jiwe la honi. Ukipitisha kucha unaisikia ikikwaruza. Mistari hiyo hushika oili, na huisugua ringi mpaka ikae sawasawa na ukuta. Kisha niliiosha kwa sabuni na maji ya moto, maana petroli peke yake haiutoi unga wa jiwe, nikaifuta mpaka kitambaa cheupe kikabaki cheupe, nikaipaka oili palepale isishike kutu. Ringi niliiingiza peke yake, nikapima kwa fila mwanya wa ncha zake. Ukiwa finyu mno, injini ikichemka ncha zinagusana, na injini inanoki.

Mistari ile haikai muda mrefu. Ringi isipowahi kukaa, oili huungua juu ya ukuta na kuufanya utereze kama kioo, na injini mpya itakula oili maisha yake yote. Ndiyo sababu nimebishana miaka yote na wanaoiacha injini ikiunguruma sailensa kutwa nzima, wakiamini wanaizoesha. Ringi haikandamizwi na ugumu wake tu. Gesi ya mlipuko huipita kwa nyuma na kuisukuma ukutani, na bila mzigo msukumo huo ni mdogo. Isitoshe, pikipiki hizi hazina feni. Upepo wa kuzipoza unapatikana zikitembea.

Wapo pia wanaovuta moto mpaka mwisho siku ileile. Pistoni ya alumini hutanuka kuliko bloku ya chuma, na nafasi kati yao ni sehemu chache tu za mia za milimita; ikichemka ghafla, pistoni hukwama.

Njia yetu ilikuwa barabara ya Dar, kupita Kingolwira kuelekea Mikese. Naiwasha, ikianza kupata joto naondoka. Gia ya tatu, navuta moto nusu mpaka mwendo upande vizuri, halafu naachia kabisa, pikipiki ishuke yenyewe kwa gia ileile. Ukivuta, ringi inabanwa ukutani. Ukiachia, silinda inafyonza oili kidogo juu, inasafisha unga wa chuma na kupoza pistoni. Nikarudia, nikibadili gia, bila kushikilia mwendo mmoja. Baadaye naegesha mtini, injini ipoe mpaka kiganja kivumilie kukaa juu ya mapezi ya bloku. Nikirudi gereji namwaga oili ingali ya moto, na hapo mteja lazima awepo. Aione inavyometameta kijivu juani. Ndicho chuma cha ringi na bloku, na hakitakiwi kubaki ndani. Naweka nyingine, lita moja ya oili ya kawaida. Sintetiki nilikataa mwanzoni, nikiamini inateleza mno kwa ringi ambayo bado inajitafutia nafasi.

Ugumu mkubwa haukuwa kwenye chuma. Dereva wa mkataba anadaiwa hesabu kila siku, na siku injini iliposhushwa alilala na deni. Kumwambia kijana huyo asipakie mishikaki, asibebe mkaa kilomita 500 za mwanzo, ni kumwambia watoto wake wasile.

"Fundi, nikirudi mikono mitupu leo, tajiri ananinyang'anya chombo," aliniambia mmoja, funguo tayari mkononi.

Alisema kweli, wala sikumlaumu. Nilimpigia tajiri wake. Nikamweleza kwamba pistoni, ringi na kuchonga bloku amelipia yeye, na kijana akibebeshwa leo atalipia tena kabla ya masika. Nikamwomba ashushe hesabu iwe nusu wiki hiyo, kijana apakie abiria mmoja, safari za mjini tu. Wapo matajiri waliokata simu. Huyu alikubali, na baada yake nikaufanya utaratibu: simu kwa mwenye chombo kabla funguo hazijatoka mikononi mwangu, kilomita za kurudi zimeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa tangi. Akirudi nakaza nati za hedi, napima valvu, namwaga oili tena. Bei ya oili hiyo niliijumlisha kwenye ufundi tangu mwanzo, ili asikose kuja kwa kukosa hela.