Kontena Lililopanda Newala

Kontena ninalosema, ndugu msomaji, si lile la bandari ya Mtwara. Ni la kompyuta. Programu yangu ya kusomea riwaya niliiandika Masasi. Kwa binamu yangu Newala, msomaji wangu wa pekee, ikagoma. Python yake ya zamani mno! Dawa ni Docker, iliyotoka 2013. Unaandika Dockerfile: FROM, msingi, RUN, vya kufunga, COPY, kazi yako, CMD, amri ya kuwashia. Inajengwa imeji, tabaka juu ya tabaka, na Python yake humo humo. Ikiwashwa ndiyo kontena. Msingi nilichukua Alpine, Linux nyepesi, maana bando linauma jamani. Nikaitoa kwa docker save, nikaitia kwenye flashi, nikapanda basi. Binamu akaandika docker load, kisha docker run. Akasoma kimya.

"Kaka, huyu mzee mbona umemuua mapema?"