Yai la mvuke: Kutoka mgahawa wa Kichina Masaki hadi jikoni kwa mama, Chanji

Mama yangu ameishi Chanji, Sumbawanga, karibu maisha yake yote. Februari alipokuja Dar es Salaam kupimwa macho, alikuja na kiroba cha unga wa ulezi, ndoo ya maharage, na dada yangu mkubwa akiwa amembeba binti yake wa miezi 20. Basi linapita Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, zaidi ya kilomita 1,100. Walishuka miguu imevimba.

Wiki moja kabla ya safari, mtoto alikuwa amepimwa kliniki. Dada alinionyesha kadi usiku, mama akiwa amelala. Urefu, sentimita 76. Wastani wa binti wa umri huo ni karibu sentimita 83, na akiwa chini ya 77 anahesabiwa kuwa na udumavu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Neno hilo nimeliandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeandika kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ni asilimia 30. Nimeandika pia kwamba mkoa huohuo hulisha mikoa mingine kwa mahindi yake. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wa watoto hao analala kwenye kitanda changu.

Asubuhi nilifanya kosa. Nilimweleza mama zile takwimu zote, kama ninavyozisoma kwenye semina. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sisi Wafipa si warefu. Wewe mwenyewe ni mfupi, mbona umefika chuo kikuu?" Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Dada hakusema kitu. Nilijua amesikia maneno yangu kama hukumu.

Mwaliko wa shemeji

Siku ya tatu, shemeji alikuja na mwaliko. Alisoma Kichina Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sasa ni mkalimani katika kampuni moja ya ujenzi. Bosi wake aliposikia kwamba mama mkwe amefika kutoka Rukwa, alisema hawezi kumwacha aondoke bila kula naye. Mama aliuliza jambo moja tu: "Kuna ugali?"

Hakukuwa na ugali. Mgahawa uko Masaki, ndani ya geti, na kutoka nje hata hujui kama ni mahali pa kula. Tulipelekwa kwenye chumba chetu peke yetu. Katikati palikuwa na meza ya duara, na juu yake kioo kinachozunguka, ili kila chakula kimfikie kila mtu bila kuomba kupitishiwa. Tuliletewa taulo za moto za kufutia mikono. Mama alijifuta na uso, na mke wa bosi, bibi wa wajukuu wawili, alipomwona naye akajifuta uso. Hapo ndipo mama alipotabasamu kwa mara ya kwanza.

Wengi wetu tukisikia chakula cha Kichina tunafikiria tambi, mafuta mengi na pilipili. Wenyeji wetu wanatoka Yangzhou, mji wa mkoa wa Jiangsu, mashariki mwa China. Ni mkoa huohuo ambao umekuwa ukileta madaktari Zanzibar tangu 1964. Upishi wao unaitwa Huaiyang, na Wachina wenyewe wanauheshimu sana: ndio uliopikwa kwenye karamu ya serikali mwaka 1949, siku Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza Yangzhou katika orodha ya miji inayosifika kwa mapishi.

Ni nchi ya mito, mifereji na maziwa, kwa hiyo mezani samaki wa maji baridi hakosi. Pilipili karibu hakuna. Vingi vinapikwa kwa mvuke au kuchemshwa taratibu, na ufundi wao mkubwa uko kwenye kisu. Tuliletewa supu ya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ambayo mpishi ameikatakata ikawa nyuzi nyembamba kama nywele, zinaelea kwenye bakuli. Mama aliitazama kwa muda kabla ya kuonja. "Huyu aliyekata hii," alisema, "hana watoto wadogo nyumbani."

Kilipokuja chakula kinachoitwa kichwa cha simba, mama alirudisha mkono. Kwetu simba ni mnyama wa Katavi, jirani tu, si hadithi. Shemeji ilibidi aeleze haraka kwamba ni donge kubwa la nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa kwa kisu, ikapikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa mpaka inakatika kwa kijiko. Kwa kitimoto mama hana ubishi. Alikula donge zima.

Shavu la samaki

Kisha aliletwa samaki mzima, sato, aliyepikwa kwa mvuke na tangawizi na majani ya vitunguu. Nilikuwa nimeona bei yake kwenye orodha: Sh95,000. Nilipomnong'oneza mama, alijibu kwa sauti, "Hilo ni gunia la mahindi!" Shemeji hakutafsiri.

Mhudumu alimweka samaki kichwa kikimwelekea mama, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima. Bosi akamkaribisha aanze. Mke wa bosi akachukua vijiti, akatoa shavu la samaki, nyama laini isiyo na mwiba, akalikagua kwa vidole mara mbili, akaliweka kwenye kibakuli cha mtoto wa dada. Halafu akatoa kipande cha tumbo, akakiweka palepale. Wakubwa tukahudumiwa baada ya hapo.

Nilimtazama mama. Najua alikuwa anakumbuka nini, maana nami nilikumbuka. Nyumbani Chanji, mgebuka ukitoka Kasanga au Kirando ukafika kwenye sufuria yetu, kipande cha katikati kilikuwa cha marehemu baba. Kichwa kilikuwa cha mama. Sisi watoto tulipata mchuzi, na ugali wa kutosha kabisa. Hatukulala njaa hata siku moja. Baba hakuwa mchoyo, ila ndivyo chakula kilivyogawanywa nyumba zote tulizozijua.

Mtoto alimaliza samaki akawa anapiga kibakuli kwa kijiko. Mke wa bosi akamwita mhudumu, akasema naye kidogo. Baada ya robo saa kililetwa kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha kabisa: bakuli dogo, ndani yake kitu cha rangi ya njano, laini, kinachotetemeka. Ni yai. Yai limekorogwa na maji ya vuguvugu, likapikwa kwa mvuke. Shemeji alitafsiri kwamba ndicho chakula wanachopewa watoto kwao wakianza kula, na wazee wasio na meno.

Mama alicheka mpaka akatoa machozi. "Nimepanda basi kutoka Sumbawanga nije kula yai?"

Mtoto alilila lote.

Mayai yaliyonisomesha

Bosi alimuuliza mama kama anafuga kuku. Anafuga, kumi na wawili. Akamuuliza kama mtoto anakula mayai. Mama alinyamaza kidogo, kisha akanijibu mimi badala ya kumjibu yeye. "Mayai ndiyo yaliyokununulia madaftari. Ningekupa ule, ungesoma na nini?"

Hilo sikuwahi kuliandika kwenye habari zangu. Nilikuwa nimeandika kwamba jamii nyingine humkataza mtoto mayai kwa imani kwamba ataota upara au atakuwa mwizi, na ni kweli nilizisikia imani hizo nikiwa mdogo. Lakini kwa mama yangu yai halikuwa mwiko. Lilikuwa sabuni, chumvi, mafuta ya taa na ada. Lilitoka kwenye banda likaenda sokoni, na kupita jikoni ilikuwa anasa.

Bosi aliposikia tafsiri, alitikisa kichwa akasema kwao kijijini, alipokuwa mtoto, yai alilipata siku yake ya kuzaliwa tu.

Hakuwa anajipendekeza. Mwaka 1990, karibu theluthi moja ya watoto wa China walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kufika 2010 walikuwa chini ya mmoja kati ya 10. Kipato kilipanda, maji na huduma za afya vikaboreshwa, na kwenye maeneo maskini serikali ilianza mwaka 2012 kugawa pakiti za unga wa soya uliochanganywa na vitamini na madini kwa watoto wa miezi 6 hadi 24. Kwa hiyo wale waliotukaribisha Masaki hawakuzaliwa na siri yoyote. Walitoka kulekule tuliko.

Tukirudi kwenye gari, mama alimshika mtoto mapajani akasema, bila kumwangalia dada wala mimi, "Kuku wawili watakuwa wa huyu."

Jikoni Chanji, Juni

Juni nilienda nyumbani likizo. Ni msimu mzuri wa kuiona Ufipa. Mvua zimekwisha, mahindi yameanikwa uani, mikokoteni ya ng'ombe inaleta magunia kutoka mashambani, na upepo wa jioni unakulazimisha kuvaa sweta. Chanji nzima inanuka mahindi makavu na moshi wa kuni.

Nilimkuta mama anapika maharage. Juu ya sufuria, ndani ya mvuke, alikuwa ameweka kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani. Hakunieleza chochote. Nilifunua mwenyewe.

Kama unataka kujaribu, mama anafanya hivi. Anapiga yai moja kwenye kikombe. Anaongeza maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, kiasi cha yai mara moja na nusu, kwa kupima na ganda la yai lenyewe: nusu ganda mara tatu. Anakoroga taratibu ili lisitoe povu. Anafunika, anaweka juu ya mvuke kwa moto mdogo. Dar lingeiva kwa dakika 10 hadi 12. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yeye anaacha dakika 15. Likiwa limeiva, halina maji maji katikati. Chumvi haweki, mtoto mdogo haihitaji. Wakati mwingine anachanganya na dagaa waliosagwa.

Mtoto anaweza kuanza kula yai lililoiva vizuri akifikisha miezi sita, pamoja na kuendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kinachotokana na mnyama: yai, samaki au nyama. Anza na kidogo. Ukiona vipele, uvimbe wa midomo au anapumua kwa shida, acha na umuwahishe kituo cha afya.

Nisikudanganye kwamba yai limemaliza kila kitu. Udumavu unaanza hata kabla mtoto hajazaliwa, kwenye sahani ya mama mjamzito, na unachangiwa na kuharisha, maji machafu, malaria na kazi nyingi za mama zinazomnyima muda wa kulisha. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, ndizo zenye nguvu zaidi, na mtoto wetu alikuwa ametumia karibu zote.

Siku moja kabla sijaondoka tulimpeleka kliniki, mama, dada na mimi. Miezi 24, sentimita 79.5. Bado yuko chini kidogo ya mstari. Lakini miezi minne iliyopita alikuwa anazidi kuachwa, na sasa anapanda sambamba na mstari. Muuguzi aliuliza nyumbani mmebadilisha nini.

Dada alifungua mdomo, ila mama alimtangulia. Alianza kumweleza muuguzi habari za Mchina mmoja na samaki wa gunia zima la mahindi, na foleni ya akina mama nyuma yetu ikasogea karibu kusikiliza.