Mia au Kumi

Jina lake kamili ni trikloroetilini, lakini pale karakanani Stockholm tuliiita tri. Mwaka 1994 kazi yangu ilikuwa kutumbukiza vyuma vyenye grisi kwenye pipa lake la moto na kuvitoa vikavu, vinang'aa. Harufu yake ilikuwa tamu-tamu, kama embe lililopitiliza kuiva. Ikifika saa nane mchana kichwa kilikuwa chepesi. Jioni wenzangu wa Kiswidi wakinywa bia moja tu nyuso zao ziliiva wekundu. Mimi na weusi wangu sikuonyesha kitu, wakadhani tri imenikosa.

Siku moja mwakilishi wa usalama, mama aliyekaribia kustaafu, alinibandika kipimo kwenye kola tangu asubuhi hadi kutoka kazini. Majibu yakaja: sehemu 34 katika milioni ya hewa.

Meneja alitoa karatasi ya Marekani iliyokuja na mzigo. Kikomo: 100. "Hata nusu hatujafika," alisema. Yule mama akafungua kitabu cha Arbetarskyddsstyrelsen, idara ya serikali ya usalama kazini. Kikomo: 10.

Niliduwaa. Sumu ni moja, pafu ni langu hilo hilo. Wakati wa kahawa nilimuuliza. Akasema ile 100 iliwekwa 1971 kwa kuazima viwango vya miaka ya 1960. Mwaka 1989 Wamarekani walijaribu kuishusha hadi 50, mahakama ikaifuta 1992. Sweden, wanasayansi huorodhesha madhara kwanza, kisha idara, waajiri na vyama vya wafanyakazi hukaa kupima gharama. "Kwa hiyo hata 10 yetu ni mapatano," alisema, akichovya biskuti. "Usidhani kwenye 9 uko salama." Sikulala vizuri usiku ule.

Kisheria yule mama angeweza kusimamisha kazi yenye hatari kubwa ya papo hapo. Hakufika huko. Aliinua simu ya ukutani kumwita mkaguzi, meneja akiwa amesimama pale pale, na kabla hajamaliza kubonyeza namba walikuwa wamekubaliana. Baada ya wiki chache ikaja mashine ya maji moto na sabuni kali. Vyuma vilitoka na maji, tukalalamika sana!

Tangu Januari 1996 Sweden ilipiga marufuku tri kazini, ingawa wapo waliopewa ruhusa maalumu. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha kwamba inasababisha saratani ya figo. Mimi napimwa zangu kila mwaka. Kwenye orodha ya idara ya usalama kazini ya Marekani, bado imeandikwa 100.