Mwamuzi wa Kalongolongo

Katika utoto wangu, mtaani Kaloleni, Nairobi, hapakuwa na mchezo tulioupenda kuliko kalongolongo. Mji wetu ulikuwa kivuli cha mti. Fedha zetu, vizibo vya soda. Chakula chetu, udongo ndani ya mikebe. Mmoja alikuwa baba, mwingine mama, wa tatu mwenye duka, wa nne askari. Mimi, kwa kuwa niliwazidi wote umri, niliwekwa kuwa mwamuzi. Niliposema mvua imenyesha, wote walikimbilia barazani. Niliposema duka limeungua, mwenye duka alilia.

Kanuni zetu zilikuwa chache, na mambo yaliyozuka yalikuwa mengi. Siku moja mtoto mdogo kuliko wote alipoteza vizibo vyake. Kanuni ilimtaka atoke mchezoni. Niliamua kwamba majirani wamchangie, naye akabaki. Hapana aliyenung'unika, maana wote waliona kuwa niliilegeza kanuni kwa faida ya mchezo.

Jumamosi iliyofuata, duka la ndugu yangu wa tumbo moja lilifilisika. Mara nikatangaza kuwa ameokota mkoba wa fedha njiani. Wenzangu hawakubishana nami. Waliweka vizibo vyao chini, wakaondoka mmoja mmoja. Nilibaki na amri zote, na wa kuamrishwa hayupo.

Kesho yake nilikwenda mlango kwa mlango nikakiri kosa langu. Walirudi kwa sharti moja: kila nitakapoamua jambo lisilo katika kanuni, niseme sababu yake mbele ya wote.

Ukubwani nilisoma kwamba watu wazima nao hucheza michezo ya namna hii, wameketi mezani. Mmojawapo ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Humo kila mchezaji hujivika nafsi ya mtu wa kubuni, na kiongozi mmoja huamua yale ambayo kitabu cha kanuni hakikuyataja. Nilitabasamu, kwani nilimjua kiongozi huyo. Hapana kitabu kiwezacho kutaja kila jambo; kwa hiyo hiari ya mwamuzi haiepukiki. Lakini hiari hiyo si mali yake. Ameazimwa na wachezaji, nao wanaweza kuichukua wakati wowote, bila ya ugomvi, kwa kuinuka tu na kwenda zao.