Balbu Moja, Nyaya Mbili
Enzi pikapu za Peugeot 504 za dizeli zilipopanga foleni Kanduyi, magharibi mwa Kenya, kungoja abiria wa Chwele na mizigo ya Kitale, fundi wa waya alitegemea balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Mmoja aliubana kwenye chuma cha bodi, wa pili akaugusisha hatua kwa hatua kuanzia kwenye betri. Ikiwaka, moto umefika. Isipowaka, umekatikia nyuma ya hapo. Mwenye gari alisimama kando akifuata kwa macho, na kazi ilipoisha alijua alicholipia.

Injini yenyewe haikuwa na makuu. Dizeli ya kizamani huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, si kwa cheche. Umeme ilihitaji wa kupasha hita, kuzungusha stata na, kwa zile zisizozimwa kwa kuvuta kebo, kushikilia solenoidi ya pampu. Ndiyo maana mwenye betri mbovu alilaza pikapu mteremkoni, asubuhi akaiachilia ishuke. Kitale hila hiyo iligoma mara kwa mara: mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kukipambazuka baridi, hita zikiwa zimekufa, unapata moshi mweupe tu.

Ugonjwa uliowala watu pesa ulikuwa arthi, ule waya mnene unaounganisha betri na injini na bodi. Stata ya dizeli hunywa ampea 200 na zaidi. Kutu kidogo kwenye kiungo hula volti 2 kati ya 12, nayo stata inabaki kulialia. Taa za ndani zinawaka vizuri, kwa kuwa hazihitaji nguvu nyingi, basi mtu anaapa betri ni nzima na stata ndiyo imeungua. Au ananunua betri mpya. Fundi wa kweli alianza na msasa na maji ya moto ya kuosha ule ungaunga wa kwenye vichwa vya betri.

Si kwamba mafundi wa enzi hiyo walikuwa mabingwa. Fyuzi iliyokatika ilivishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kisha waya ndio ukaungua badala yake. Kila fundi aliacha waya wake chini ya dashibodi, wa rangi yoyote aliyoikuta mfukoni, na baada ya miaka pale ndani pakawa kama matumbo ya mbuzi.

Sasa pikapu za Kanduyi zina kompyuta inayoamua dizeli iingie lini na kiasi gani. Kuisukuma hakusaidii kompyuta ikiwa imelala. Ile balbu nayo ni hatari, maana huvuta umeme mwingi kuliko saketi za kompyuta zinavyostahimili; sharti utumie mita ya umeme. Kijana huchomeka skana chini ya usukani, na simu aliyoiunganisha nayo inatoa nambari ya kosa P0087: shinikizo la dizeli limeshuka. Simu haisemi kama ni filta, pampu, au waya wa sensa ulioshika kutu. Sensa inabadilishwa kwanza, kwa sababu inauzwa.

“Kwa hivyo ni waya gani?” mzee mmoja aliuliza juzi, akiinama kuchungulia.

“Khocha, ngoja nifute hiyo nambari kwanza, tuone kama itarudi.”