Gramafoni ya Laki Saba Dhidi ya ya Mamilioni: Nimesikia kwa Masikio Yangu

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, ila staa yupo ndani. Jina kapuni, maana bado nahitaji mialiko.

Iko hivi. Mzee wangu hapa Chanzuru alikuwa na santuri kumi na moja za Morogoro Jazz na Super Volcano. Sasa zimebaki tisa. Mbili nimeziua mimi. Nilinunua kale kagramafoni ka begi kanakopendeza kwenye picha, kumbe sindano yake nzito, inakwangua. Miezi miwili tu, Mbaraka Mwinshehe akawa kama anaimba katikati ya bisi zinazokaangwa. Mzee hakunigombeza. Alizifungia zilizobaki kabatini, ufunguo mfukoni. Aisee, bora angenizaba kofi.

Nikajichanga mwaka mzima kwa vitunguu na bodaboda, nikapata Audio-Technica LP120 ya mtumba kwa laki saba. Umbo lake ni kama Technics SL-1200, ile ya 1972 inayopendwa na madj dunia nzima. Technics ni ya kampuni ya Osaka, Japani, na Osaka hiyohiyo ndiko Mbaraka na Morogoro Jazz walipiga kwenye Expo ya 1970. Ilipotoka tena 2016, Technics ilikuwa dola 4,000! Yaani hiyo si mashine, ni kiwanja.

Staa wetu anayo ya bei hizo. Nikamchokoza DM kwamba yangu haiachwi mbali. Akajibu: "Njoo nayo, mdogo wangu."

Mzee akafungua kabati, akatoa santuri moja tu. "Ukiikwaruza hii, usirudi nayo."

Nikapanda SGR pale Kilosa na boksi langu hadi Dar. Tukaunganisha mashine zote kwenye amplifaya moja na spika zilezile, tukageukia ukutani, mdogo wake staa akawa anabadilisha. Raundi tano, tukisie ipi ni ipi. Staa alipata tatu, mimi mbili. Mwenye mashine yake!

Sasa niseme ukweli, tofauti ipo. Ya kwake ni kimya zaidi kabla wimbo haujaanza, na besi imeshika. Lakini gitaa na sauti ya Mbaraka? Hakuna aliyethubutu kuapa. Santuri imekaa miaka karibu hamsini na imechezwa sana. Kilichofutika humo hakirudishwi na pesa.

Nilichojifunza: pesa ya kwanza weka kwenye sindano nzuri. Yangu inataka uzito wa gramu mbili, napima kwa kamzani kadogo. Meza iwe sawa, isiyumbe. Futa vumbi. Ukishafanya hayo, mamilioni yanayobaki yanakununulia utofauti mdogo sana, na heshima mjini. Ila usishuke hadi kwenye ya begi, utalia kama mimi.

Nilirudi na santuri nzima. Mzee akaikagua juani, upande huu, upande ule. Jioni nikampigia. Akasikiliza hadi mwisho, macho kafumba, hakusema kitu. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo juu ya meza, akaenda kulala.

Mpaka leo uko hapohapo.

Haya, wewe ungetoa mamilioni kwa utofauti huo? Tupia maoni hapo chini, matusi weka pembeni.